Pikapu Isikuvunje Mgongo: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Pikapu ya tani moja imeundwa kubeba tani moja. Hapo ndipo yanapoanzia karibu malalamiko yote ya wenye magari haya: linarusha, linagonga, linatikisa, abiria wa kiti cha nyuma wanafika wameshika viuno. Springi zilizopangwa kuhimili magunia kumi ya mahindi hazitalainika kwa ajili ya mtu mmoja na begi lake la kompyuta.

Hili si suala la anasa. Mwili wa mtu aliyeketi huumizwa zaidi na mtikisiko wa juu na chini wenye mapigo 4 hadi 8 kwa sekunde, na ndiyo maana Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2002, uliweka kikomo cha mtikisiko ambao mfanyakazi anaruhusiwa kuupata katika siku ya kazi ya saa 8. Muuguzi anayekwenda vijijini kwa huduma za mkoba, bwana shamba, dereva wa mradi wa maji: hawa wanaupokea mtikisiko huo kwenye uti wa mgongo miaka nenda miaka rudi, na wengi wameshazoea kuuona kuwa ni sehemu ya kazi. Si sehemu ya kazi. Mwingi wake unaondolewa.

Ila unaondolewa kwa utaratibu. Anza chini, panda juu: uzito, tairi, bushi, shokapu, springi, na mwisho kiti. Anayeanzia kwenye springi kabla ya kupima upepo wa tairi anatupa fedha. Na kanuni moja isimamie zote: usikubali ulaini unaolinyima gari uwezo wa kushika barabara. Gari laini lisilotii usukani ni baya kuliko gari gumu.

1. UZITO

Fanya: jua gari lako linabeba nini siku za kawaida. Usihesabu mzigo mkubwa kuliko wote uliowahi kuubeba. Hesabu ule wa kila siku. Orodhesha watu, vifaa, bampa la chuma, kanopi, tenki la ziada. Kisha peleka gari kwenye mzani wa ghala la mazao au wa kiwanda cha nafaka, ulipime likiwa tupu na likiwa na mzigo wa kawaida. Pima pia ekseli ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake. Bila namba hizo, kila ushauri utakaopewa kuhusu springi ni wa kubahatisha.

Fanya: hesabu watu kama mzigo. Watu wazima watano wenye wastani wa kilo 75 ni kilo 375, na zote zinatoka kwenye uwezo wa gari kubeba. Dabo kebini iliyojaa watu, ikiwa na kanopi na bampa, imeshatumia sehemu kubwa ya tani yake kabla hujapakia hata gunia moja.

Fanya: panga mizigo mizito mbele ya ekseli ya nyuma, au juu yake hasa. Mzigo uliokaa nyuma ya ekseli huikandamiza nyuma na kuinua mbele. Usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele zinapoteza mshiko, na gari linayumbayumba kila likivuka tuta.

Fanya: kama gari lako husafiri tupu wakati wote, weka viroba viwili au vitatu vya mchanga, vya kilo 50 kila kimoja, juu ya ekseli ya nyuma, na uvifunge visisogee hata kidogo. Springi zitaanza kufanya kazi yake. Matumizi ya mafuta yataongezeka kidogo, na siku ya kupakia mzigo viroba hivyo vishushwe.

Usifanye: usitumie mawe, matofali wala vipande vya chuma ambavyo havikufungwa. Ukikanyaga breki kwa nguvu, vitu hivyo havikanyagi breki pamoja nawe, vinakuja kabini.

Usifanye: usibebe pipa la maji lililojaa nusu. Maji hukimbia huku na huku, na gari hukimbia nayo. Lijaze kabisa au liache nyumbani.

Usifanye: usipakie watu nyuma eti gari litatulia. Bodi haina mkanda, haina kiti, haina paa. Uzito wa binadamu si dawa ya springi ngumu.

2. TAIRI NA UPEPO

Hapa ndipo penye nafuu kubwa kwa gharama ndogo kuliko mahali pengine popote, na hapa ndipo watu wanapopapuuza zaidi.

Fanya: fungua mlango wa dereva, utazame karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango. Inataja upepo wa tairi za mbele na za nyuma, na kwa pikapu nyingi inataja viwango viwili: gari likiwa na mzigo mdogo na likiwa limejaa. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia. Nunua geji yako mwenyewe na uiweke garini. Pima asubuhi, kabla gari halijatembea, kwa kuwa tairi likipata moto kipimo hupanda.

Fanya: badilisha upepo kulingana na mzigo. Ukishusha mzigo, punguza upepo wa nyuma hadi kiwango cha gari lisilo na mzigo. Ukipakia, ongeza kabla ya kuondoka. Dereva anayetembea mwezi mzima na upepo wa mzigo wa siku moja asilaumu kiwanda.

Fanya: kwenye barabara ndefu ya vumbi yenye mawimbi, kama ile ya kutoka Ngorongoro kwenda Serengeti kupitia lango la Naabi, punguza psi 4 hadi 6 kama gari halikujaa, upunguze na mwendo. Tairi litajikunja juu ya mawimbi badala ya kupeleka kishindo chake kwenye chesi. Lakini uwe na pampu garini. Ukifika lami, simama na urudishe upepo kabla ya kuongeza mwendo. Tairi lenye upepo mdogo kwenye mwendo mkubwa huchemka ubavuni, na likipasuka halikupi muda wa kufikiri.

Fanya: soma umri wa tairi. Tafuta ubavuni namba nne zilizo mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba iliyozeeka hukakamaa hata kama kashata bado zipo, na tairi lililokakamaa linatikisa na kuteleza.

Usifanye: usimwachie fundi wa tairi aamue. Wako wanaojaza psi 45 kwenye kila pikapu inayosimama mbele yao, mbele na nyuma sawa, bila kuuliza gari limebeba nini. Mtajie namba, usimame pale, upime mwenyewe.

Usifanye: usifuate namba kubwa iliyoandikwa kwenye ubavu wa tairi. Hiyo ni kikomo cha tairi, na tairi halijui limefungwa kwenye gari gani.

Usifanye: usitoe upepo tairi likiwa la moto kwa sababu kipimo kimepanda. Likipoa litabaki na upepo mdogo kuliko unaotakiwa.

Usifanye: usinunue tairi za lori jepesi zenye nyuzi nyingi na ubavu mgumu kama kazi yako ni mjini na mzigo wako ni mdogo. Zimetengenezwa kwa mizigo mizito na mawe makali. Anayehitaji nguvu hiyo ainunue. Asiyeihitaji ataihisi kiunoni kila siku.

Usifanye: usibadilishe rimu za inchi 17 kwa za inchi 20 ukatarajia starehe. Fanya hesabu mwenyewe. Tairi la 265/65R17 lina ubavu wa milimita 172. Tairi la 265/50R20, lenye kimo karibu sawa na hilo, lina ubavu wa milimita 132 tu. Umeondoa sentimita nne za raba na upepo zilizokuwa zinapokea mashimo kwa niaba yako. Pendezesha gari ukitaka, lakini usiulize tena kwa nini linagonga.

3. BUSHI NA BOLTI

Fanya: kagua bushi kabla ya kununua shokapu. Simamisha gari mahali tambarare, liwe limekanyaga chini kwa tairi zote nne, gia imeingia, breki ya mkono imevutwa, tairi zimewekewa vigingi. Chukua tochi na mtaimbo mfupi, uingie chini upande wa nyuma. Utaona springi imeshikwa ncha ya mbele kwa bolti moja, na ncha ya nyuma inaning'inia kwenye shekeli, vile vipande viwili vya chuma vinavyocheza springi inaponyooka. Kila mahali chuma kinapokutana na chuma panapaswa kuwa na raba. Ingiza ncha ya mtaimbo kati ya jicho la springi na shekeli, kisha bonyeza taratibu. Raba nzima inasukumika na kurudi. Raba iliyokufa haisukumiki. Utasikia mlio mfupi mkavu wa chuma kugusa chuma, na pembeni utakuta unga mwekundu wa kutu na vipande vya raba vilivyotafunwa. Kila tundu la barabara linapita hapo moja kwa moja hadi kitini.

Fanya: mbele, mwambie fundi akague bushi za mikono ya juu na ya chini, boljointi na linki za stabilaiza. Boljointi iliyolegea haiishii kwenye kelele. Ikichomoka, tairi hulala chini ya gari. Hii haisubiri mwisho wa mwezi.

Fanya: kumbuka raba zinazobeba kabini juu ya chesi. Zikididimia, kabini hugonga chesi, na mwenye gari hubadilisha shokapu mara mbili bila kupata nafuu.

Fanya: simamia jambo hili kwa macho yako. Bolti za bushi za raba zikazwe mara ya mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Gereji nyingi hukaza gari likiwa juu ya jeki, miguu imening'inia. Raba inashikwa ikiwa katika hali hiyo, na gari likishushwa inajisokota. Kuanzia dakika hiyo inavuta kinyume na springi, gari linakuwa gumu, na bushi mpya zinachanika mapema. Kosa hili halionekani kwenye risiti, lakini linafuta faida ya kazi yote.

Usifanye: usikubali bushi za plastiki ngumu kwa sababu tu zinasifiwa kudumu. Zinadumu kweli, na zinafaa kwa magari ya kazi nzito au ya mashindano, lakini hupitisha mtikisiko mwingi kuliko raba. Unayetafuta utulivu, chagua raba nzuri.

Usifanye: usiingie chini ya gari linalosimama kwa jeki peke yake. Tumia stendi. Hakuna bushi yenye thamani ya kifua cha mtu.

4. SHOKAPU

Springi hubeba gari. Shokapu hutuliza springi, kwa kulazimisha oili ipite kwenye vitundu vidogo na kuugeuza mruko kuwa joto. Ukielewa hilo, utaelewa kwa nini shokapu hufa kwenye barabara ya mawimbi: oili inachemka, inachanganyika na hewa, inakuwa povu, na povu halizuii kitu.

Fanya: tafuta shokapu iliyokufa kwa joto lake. Baada ya safari ya barabara mbaya, simama, usogeze mgongo wa kiganja karibu na kila shokapu bila kuigusa, maana inaweza kuunguza. Linganisha ya kulia na ya kushoto. Ile iliyobaki ya baridi wakati mwenzake inatoa joto haifanyi kazi. Angalia pia kama mwili wake umelowa oili iliyokamata vumbi.

Fanya: badilisha mbili mbili, zote za mbele au zote za nyuma. Shokapu mpya upande mmoja na iliyochoka upande wa pili hulifanya gari liegemee vibaya kwenye kona na kwenye breki.

Fanya: chagua zinazolingana na uzito uliopima katika sehemu ya kwanza. Kwa anayesafiri sana kwenye vumbi, shokapu zenye gesi ya naitrojeni hustahimili povu vizuri zaidi, na zenye mwili mnene hubeba oili nyingi na kupoa haraka.

Usifanye: usinunue shokapu za kazi nzito kwa gari tupu. Zimepangwa kuzuia springi ngumu zilizobeba mzigo mkubwa. Kwenye gari jepesi zitakurusha zaidi ya zile ulizozitoa.

Usifanye: usikubali shokapu itobolewe, ijazwe oili na kuchomelewa. Vali za ndani zilizolika hazirudi kwa oili mpya, na nguvu ya gesi hairudi kwa kuchomelea. Vivyo hivyo, usinunue shokapu ya mtumba. Hii ni sehemu inayolika kwa kutumika, na yule wa kwanza ameshaitumia.

Usifanye: usiamini jaribio la kubonyeza kona ya gari na kuhesabu miruko. Kwenye pikapu yenye springi za majani, msuguano wa majani yenyewe unaweza kuificha shokapu iliyokufa kabisa.

Usifanye: usiondoe zile raba za kizuizi zilizo juu ya ekseli ili gari lipate nafasi ya kucheza. Ni kinga ya mwisho ya chesi siku utakapoingia shimo ambalo hukuliona.

5. SPRINGI

Fanya: safisha majani ya springi kabla ya kuyalaumu. Matope yaliyoganda na kutu kati ya jani na jani huyafanya yagandane, na springi iliyogandana haikunjiki kwa vishindo vidogo. Yafunguliwe, yasuguliwe, na vile vipande vya plastiki kwenye ncha za majani vibadilishwe kama vimelika. Kazi hii ya siku moja imelainisha pikapu nyingi zilizokuwa zinangoja springi mpya.

Fanya: ukihitaji springi mpya, itafute kwa mujibu wa uzito. Mwambie muuzaji: tupu ni kilo kadhaa nyuma, mzigo wa kawaida ni kilo kadhaa. Springi nzuri kwa gari la matumizi mchanganyiko huanza laini, kisha hukaza kadiri mzigo unavyoongezeka. Zipo pia za majani machache, manene katikati na membamba kwenye ncha, ambayo hayagusani urefu wote. Msuguano wake ni mdogo na zinapokea vishindo vidogo vizuri.

Fanya: kila springi inapofunguliwa, funga yubolti mpya, zile zinazoishika springi kwenye ekseli. Yubolti hunyooka inapokazwa na haishiki tena kwa nguvu ileile ikirudiwa. Zikazwe kwa spana ya kipimo, kisha zikaguliwe tena baada ya kilometa mia chache. Yubolti iliyolegea hukata senta bolti, na senta bolti ikikatika ekseli huhama mahali pake.

Usifanye: usiongeze jani kwa ajili ya mzigo wa mara moja kwa mwaka. Gari lililoongezwa majani wakati wa mavuno hukaa nayo hadi mavuno mengine, na miezi yote ya katikati watu wanateseka. Mzigo mkubwa wa nadra, kodi gari kubwa.

Usifanye: usitoe jani ili upate ulaini. Mzigo uliokuwa unagawanywa kwa majani matano unabebwa na manne, na jani kuu ndilo linaloshika ekseli. Likivunjika kwenye mwendo, gari linajigeuzia njia lenyewe. Hata watengenezaji wakubwa hulipia ulaini wa nyuma. Kizazi cha Nissan Navara kilichotoka mwaka 2014 kilipewa springi za koili nyuma kwenye dabo kebini za baadhi ya masoko. Gari lilisifiwa kwa utulivu likiwa jepesi, lakini nchini Australia lililalamikiwa kwamba nyuma inalala ikipakiwa, na kampuni ikabadilisha springi. Kama wahandisi wa kiwanda walilazimika kurudi mezani, fundi mwenye spana peke yake asikuambie kwamba kutoa jani hakuna madhara.

Usifanye: usichomelee jani lililovunjika. Chuma cha springi kina ugumu wake wa kupikwa, na moto wa kuchomelea unaua ugumu huo.

Usifanye: usipake oili chafu ya injini kwenye majani. Inanyamazisha kelele kwa siku chache, kisha inakamata vumbi na kuwa msasa kati ya majani, huku ikiivimbisha na kuioza raba ya bushi.

Usifanye: usifunge mifuko ya upepo ya kusaidia springi ukidhani ni dawa ya starehe. Kazi yake ni kunyanyua nyuma iliyolala kwa mzigo. Gari likiwa tupu haikupi lolote. Na ukiijaza sana ili kuficha mzigo uliopita kiasi, uzito unaelemea sehemu moja ya chesi badala ya ncha mbili za springi. Kuna chesi za dabo kebini zilizopinda namna hiyo.

6. KIMO CHA GARI

Fanya: acha gari kwenye kimo cha kiwanda isipokuwa una sababu ya kazi. Kila sentimita unayopandisha hubadilisha pembe za mikono ya mbele, za usukani na za propela shafti.

Usifanye: usikaze toshenibaa ili mbele ipande. Pikapu nyingi za zamani, kama Hilux za kabla ya mwaka 2005 zenye mikono huru mbele na Isuzu D-Max za kizazi cha kwanza, zinatumia vyuma hivyo badala ya koili. Ukivikaza, chuma hakiwi kigumu zaidi, lakini mkono wa mbele unamaliza nafasi yake ya kushuka. Tairi likiingia shimoni, mkono unagonga kizuizi, na kishindo hicho unakipokea wewe.

Usifanye: usirundike vipande vya chuma kati ya springi na ekseli. Ekseli hupata nguvu ya kuipindua springi kila unapoondoka au kufunga breki, na mtikisiko unaanza mahali ambapo haukuwepo.

7. KITI

Fanya: mpelekee gari fundi wa viti abadilishe sponji iliyokufa. Kiti cha pikapu iliyofanya kazi miaka kumi mara nyingi ni kitambaa juu ya waya. Taka sponji nzito, yenye kushikilia kiuno, na kimo kisipite kile cha mwanzo.

Fanya: kaa karibu kiasi cha kukanyaga klachi hadi mwisho huku goti likiwa limekunjwa kidogo, mgongo umegusa kiti kuanzia kiuno. Mgongo ulioacha nafasi nyuma yake unapokea kila kishindo bila msaada.

Fanya: mpe mama mjamzito, mzee au mgonjwa kiti cha mbele. Kiti cha nyuma cha dabo kebini kiko karibu zaidi na ekseli ya nyuma na mgongo wake umesimama wima. Hata hivyo, kwa mjamzito au mgonjwa wa mgongo, tafuta gari jingine kama njia ni mbaya.

Usifanye: usirundike mito. Inakuinua nje ya mpangilio wa mkanda, na mto uliolegea unaweza kuteleza hadi chini ya pedeli.

8. UENDESHAJI

Fanya: punguza mwendo kabla ya tuta, kisha achia breki sekunde moja kabla tairi halijaligusa. Breki ikiwa imekanyagwa, pua ya gari inalala na springi za mbele zimeshabanwa. Zinakutana na tuta zikiwa hazina nafasi. Hili ni funzo la bure na matokeo yake yanaonekana siku hiyohiyo.

Fanya: pumzika kila baada ya muda wa saa mbili kwenye njia mbaya. Shokapu zinapoa, na mgongo unanyooka.

Usifanye: usikimbize gari juu ya mawimbi ya vumbi kwa imani kwamba ukienda kasi huyasikii. Ni kweli mtikisiko hupungua, lakini hupungua kwa sababu tairi zinagusa vilele tu. Muda huo huna usukani wala breki za kutosha. Ng'ombe akikatiza, hakuna kitakachokusaidia. Zaidi ya hayo, mwendo huohuo ndio unaoyachimba mawimbi. Uchunguzi wa wanafizikia uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba gurudumu linalopita kwenye mchanga kwa mwendo unaozidi kiwango fulani hutengeneza mawimbi hata likiwa halina springi. Anayekimbia anawaharibia njia wanaokuja nyuma yake.

9. GEREJI NA MFUKO

Fanya: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha pita njia ileile, kwa mwendo uleule na mzigo uleule. Ukibadilisha vitu vinne siku moja hutajua kipi kilisaidia na kipi kiliharibu.

Fanya: dai spea za zamani zilizotolewa, uzione. Dai risiti yenye namba ya spea. Ukienda kununua, iwe maduka ya Gerezani Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, nenda na namba ya chesi na spea ya zamani mkononi. Bei iliyo chini mno kuliko duka la jirani ni onyo.

Fanya: balansi tairi na upime alaimenti kila baada ya kazi ya miguu ya mbele. Usukani unaotetemeka ukifika mwendo wa lami hauna uhusiano na springi. Kagua balansi, rimu iliyopinda na tairi lenye nundu.

Usifanye: usimpe fundi amri ya "lainisha gari". Mwambie tatizo: linagonga wapi, kwa mwendo gani, likiwa na mzigo gani. Fundi mzuri atauliza hayo kabla hajashika spana. Asiyeuliza, usimwachie ufunguo.

Usifanye: usinunue kabla ya kukagua. Geji ya upepo, tochi na mtaimbo vitakueleza mengi kuliko muuzaji yeyote.

Mwenye pikapu, ukifuata utaratibu huu hutapata gari la kifahari. Pikapu itabaki pikapu, na usimwamini anayekuahidi vinginevyo. Utakachopata ni gari linalobeba mzigo wake, linaloshika njia, na lisilowaumiza waliomo ndani. Na wewe unayewaajiri madereva na kuwatuma njia mbaya kila wiki, jukumu hili ni lako kabla halijawa lao: kesho asubuhi, kabla gari halijatoka, pima upepo wa tairi zote nne na ulinganishe na karatasi ya mlangoni.